Trela ya alumini ya kubebea magari: beba sumaku kabla ya kubeba feza

Louisville, Des Moines, Fort Worth, Phoenix: katika miji hiyo ya Marekani, Kiswahili cha Uvira, Fizi, Bukavu na Rutshuru kinasikika leo sokoni na kanisani. Kwa mwaka wa serkali wa 2023 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 18,000 kutoka RDC. Wengi wanaanza na kazi ya kiwanda ao ya ghala. Kisha miaka inapita, mtu anapata permi, ananunua pikapu, na wazo linakuja: kwa nini nisijitegemee kwa kubeba magari ya watu?

Hapo ndipo trela inapoingia, ile wengi wa kwetu wanaita remorke. Na siku hizi mara nyingi inayotajwa ni trela mpya ya alumini, iliyofungwa pande zote kama chumba. Inang'aa, haipati kutu kama chuma, na muuzaji anasema ni nyepesi. Bei yake mara nyingi inafikia mara mbili ya ile ya chuma, ao kupita. Feza hiyo haitoki hewani. Ni akiba ya miaka, ni likelemba ya familia tano ao sita, ni deni la benki ambalo watoto watasikia wazazi wakilizungumza kila mwisho wa mwezi.

Ndiyo sababu inafaa kusema wazi tangu mwanzo: trela haichaguliwi kwa urefu wala kwa mng'ao. Inachaguliwa kwa hesabu moja ndogo ya kutoa, ambayo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya. Anayeiruka hesabu hiyo anaweza kununua trela ya kubebea magari ambayo, kwa sheria, haiwezi kubeba gari hata moja.

Je, gari lako linahitaji paa?

Kabla ya kuuliza bei, jiulize utabeba nini. Wakongomani wengi wanaofikiria kazi hii wanaanza na magari ya mnada: RAV4 iliyogongwa kidogo ao Highlander yenye umri, inayonunuliwa ili ipelekwe bandarini, kwa mfano Baltimore, na kutoka hapo ipande meli hadi Dar es Salaam kabla ya kufika Bukavu ao Goma. Magari ya Marekani yana usukani wa kushoto, na hilo linafaa barabara za Kongo kuliko usukani wa kulia wa magari ya Japani. Biashara hiyo ina maana yake.

Lakini gari hilo litanyeshewa mvua bandarini, litapigwa na chumvi ya bahari, kisha litakula vumbi lote la njia ya kutoka Dar. Kulilipia paa kwa safari ya siku moja ndani ya Marekani ni kupoteza feza. Kwa kazi ya namna hiyo, trela ya wazi inatosha: ni ya bei ndogo, ni nyepesi, haipambani na upepo, na kufunga gari juu yake ni rahisi.

Trela iliyofungwa ina wateja wake wengine. Ni mwenye gari la zamani lililotengenezwa upya kwa miaka kumi. Ni timu ya mashindano. Ni duka la magari ya bei kali ambalo halitaki jiwe hata moja liguse rangi. Watu hao wanalipa zaidi kwa sababu gari lao haliwezi kuonekana na jua, mvua wala macho ya wezi. Kama huna wateja wa namna hiyo, wala njia ya kuwapata, ngoja kwanza. Trela tupu inayolala uani inaendelea kulipiwa bima na deni kila mwezi.

Sumaku: ngozi na mifupa

Tuseme umeshajua wateja wako, na umefika kwenye kiwanja cha muuzaji. Mbele yako kuna trela ishirini, zote nyeupe ao nyeusi, zote zinang'aa. Chukua sumaku ndogo, hata ile inayoshika karatasi kwenye mlango wa friji.

Iguse kwenye ukuta wa nje: haishiki, maana ukuta ni bati la alumini. Sasa piga magoti, ingiza mkono chini, na uiguse kwenye mihimili inayobeba sakafu. Kama imeshika, mifupa ni ya chuma. Trela nyingi sana zina ngozi ya alumini juu ya mifupa ya chuma, na si kosa kuziuza. Kosa ni kulipa bei ya alumini yote kwa kitu ambacho ni alumini nusu. Iguse pia kwenye nguzo za ukutani na za paa, pale zinapoonekana ndani.

Kwa nini mifupa ina maana hivyo? Kwa kipimo kilekile, alumini ina karibu theluthi moja ya uzito wa chuma. Lakini inapinda kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mafundi wanaifanya mihimili kuwa minene ao mirefu zaidi ili iwe na nguvu sawa. Faida inabaki, ila si theluthi mbili nzima kama wengine wanavyodhani. Kwenye trela ya futi 24, kutoa kilo mia tatu ao mia nne ni jambo linalowezekana, na tutaona kwamba kilo hizo zinaweza kuamua kazi yako.

Kuhusu kutu, alumini haifanyi kutu nyekundu, na hilo ni baraka kwa majimbo ya baridi kama Iowa, Michigan na Ohio, ambako chumvi inamwagwa barabarani kila msimu wa barafu. Lakini pale alumini inapogusana na chuma, maji ya chumvi yakiwa katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Angalia pale ekseli, yaani chuma kinachoshika magurudumu, kinapofungwa kwenye mihimili: je, kuna kitu kilichowekwa katikati ili kuzitenganisha, ao bolti tupu zimekaa juu ya alumini tupu? Na kila msimu wa barafu, osha chini ya trela kama unavyoosha juu.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji: kuchomelea alumini si kazi ya kila garaji. Inaomba mashine yake, gesi yake na mkono uliozoea. Anayewaza kwamba trela ikichoka ataituma nyumbani Kivu aliwaze hilo mara mbili. Mhimili wa chuma ukipasuka kwenye njia ya Bukavu–Kamituga, fundi wa karibu ataufunga siku hiyohiyo. Wa alumini utangoja sana.

Kibandiko: hesabu ya kutoa

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Kila trela mpya ina kibandiko cha kiwanda, mara nyingi upande wa kushoto karibu na mbele. Tafuta herufi GVWR. Namba inayofuata ni uzito wa mwisho unaoruhusiwa: trela yenyewe pamoja na kila kitu kilichomo. Kisha omba uzito wa trela ikiwa tupu. Toa wa pili kutoka kwa wa kwanza. Kinachobaki ndicho unachoweza kubeba.

Tuchukue mfano. Trela ya kwanza ni ya chuma, futi 24, bei nzuri, ina ekseli mbili za paundi 3,500 kila moja. GVWR yake ni paundi 7,000, yaani karibu kilo 3,175. Tuseme ikiwa tupu ina uzito wa paundi 3,900. Zinabaki paundi 3,100, karibu kilo 1,400. RAV4 ya kawaida inakaribia paundi 3,400 ao kupita. Umenunua trela ndefu inayoweza kuingiza gari na kufunga mlango, lakini siku ya kwanza ukiwa na RAV4 ndani, uko nje ya sheria, na mipira ya magurudumu inabeba kuliko ilivyotengenezewa.

Trela ya pili ni ya chuma pia, lakini ina ekseli za paundi 5,200 kila moja. Kiwanda kimeiandikia GVWR ya paundi 9,990. Ikiwa tupu ina paundi 4,300. Zinabaki 5,690. RAV4 inaingia bila shida, Highlander vilevile. Land Cruiser kubwa ya zile za 200, yenye karibu paundi 5,800, haiingii.

Trela ya tatu ni ya alumini mpaka mifupani, futi 24, GVWR ileile ya 9,990. Ikiwa tupu ina paundi 3,500. Zinabaki 6,490. Sasa Land Cruiser inaingia, na inabaki nafasi ya winchi, mipira ya akiba, mikanda na sanduku la vyombo, vitu ambavyo kwa pamoja vinafika paundi mia mbili ao tatu bila mtu kutambua.

Hapo ndipo alumini inapolipa bei yake: uzito uliotoka kwenye trela unageuka kuwa uzito wa mzigo. Wengine watakuambia kwamba inalipa kwa mafuta. Usiwahesabie sana. Kwenye barabara kubwa, kinachokula mafuta ya trela iliyofungwa ni upepo unaogonga ule ukuta wa mbele, na upepo haujui kama ukuta ni wa alumini ao wa chuma. Kwa hiyo kama magari utakayobeba yote ni madogo, trela ya pili inakutosha, na tofauti ya bei inabaki mfukoni.

Ingia ndani, funga mlango

Upana wa nje wa trela hizi hauruhusiwi kupita inchi 102. Ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, zinabaki karibu inchi 97. RAV4 ina upana wa inchi 73 hivi. Gawa kinachobaki kwa mbili: inchi 12 kila upande, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi. Dereva ameingiza gari, atatokea wapi? Wengi wametoka kupitia dirishani, tena mbele ya mteja. Ndiyo sababu trela nzuri zina mlango mkubwa ubavuni, pale mlango wa dereva unapofika, na sanduku la gurudumu linaloweza kutolewa ili mlango wa gari ufunguke. Kama trela haina mlango huo, panga winchi ya kuvuta gari bila mtu ndani. Pima pia nafasi kati ya masanduku ya magurudumu: mara nyingi ni inchi 82 ao 83, na pikapu kama F-150 inakaribia inchi 80.

Tazama sakafu. Kama ni tripleksi, ikanyage ukisikiliza, kisha uliza mihimili ya chini imepishana kwa inchi ngapi. Inchi 16 ni bora kuliko 24, kwa sababu gurudumu la gari linaweka uzito mkubwa pahali padogo. Tazama pete za kufungia. Pete iliyofungwa kwenye mbao peke yake itang'oka na mbao zake. Inapaswa kushika mhimili. Sheria ya Marekani inaomba gari dogo lifungwe mbele na nyuma, kwa mikanda isiyopungua miwili, ili lisiende mbele, nyuma, pembeni wala juu. Mafundi wazuri wanatumia minne, mmoja kwa kila gurudumu.

Mlango wa nyuma unaoshuka na kuwa daraja nao una uzito wake wa mwisho, uulize. Kisha omba jambo ambalo wanunuzi wachache wanaliomba: ingia ndani mchana, ufungiwe milango yote, usimame gizani dakika mbili. Pahali unapoona mwanga, ndipo mvua itakapoingia.

Pikapu yako inasemaje?

Trela haitembei peke yake. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela iliyojaa inapaswa kulala juu ya shingo, pale inapoungana na pikapu. Ikiwa chini ya hapo, trela inaanza kucheza kushoto na kulia, na kwenye mwendo mkubwa mchezo huo unaweza kupindua vyote viwili. Kwa trela ya paundi 9,000, hiyo ni paundi 900 hadi 1,350 juu ya mgongo wa pikapu, kabla ya kuhesabu wewe, mwenzako na vyombo.

Fungua mlango wa dereva wa pikapu: kuna kibandiko kinachosema watu na mizigo visipite uzito gani. Namba hiyo ndiyo ya kuamini, si ile ya matangazo inayosema pikapu inavuta paundi elfu kumi na tatu. Mara nyingi pikapu ya kawaida inashindwa na shingo kabla ya kushindwa na mvuto. Ni sababu pia ya kupenda futi 24 kuliko 20 hata kwa gari moja: urefu unakupa nafasi ya kusogeza gari mbele ao nyuma mpaka shingo ipate uzito wake.

Breki za umeme ziwe kwenye ekseli zote, na pikapu iwe na kifaa cha kuziongoza. Betri ndogo inayofunga breki trela ikichomoka isiwe mapambo: ijaribu palepale kiwanjani.

Kwa nini 9,990?

Msomaji atajiuliza kwa nini kiwanda kinaandika 9,990 na si 10,400, kama ekseli mbili za 5,200 zinavyoweza. Jibu liko katika sheria. Leseni kubwa, CDL ya daraja A, inaombwa pale uzito ulioandikwa wa pikapu na trela kwa pamoja unapofika paundi 26,001, na trela yenyewe inapita 10,000. Trela ya 9,990 inabaki chini ya mstari huo.

Wengi wanaishia hapo wakifurahi, na hapo ndipo makosa yanapoanza. Kuna mstari mwingine, wa chini zaidi. Kwa kazi ya biashara inayovuka mpaka wa jimbo, pikapu na trela zikifika pamoja paundi 10,001, sheria za FMCSA zinakushika: namba ya USDOT, cheti cha afya cha dereva, hesabu ya masaa ya kuendesha. Pikapu ya paundi 7,000 na trela ya 9,990 zinafanya 16,990. Uko ndani kabisa. Na anayebeba magari ya wengine kwa malipo kutoka jimbo moja hadi lingine anaomba ruhusa zaidi, pamoja na bima ya madhara kwa watu wengine isiyopungua dola 750,000.

Bima ya gari la nyumbani haifuniki kazi hiyo. Hata bima ya kazi, tazama kama inafunika gari lililo ndani ya trela, na kwa kiasi gani. Mteja wa trela iliyofungwa anakupa gari la bei kali. Bima ya dola elfu hamsini mbele ya gari la laki mbili ni deni linalongoja siku yake. Uliza bei ya bima hiyo kabla ya kununua trela, si baada. Kwa wengine, bima ndiyo inayovunja mradi, wala si trela.

Mizani, halafu kalamu

Imebaki mizani. Uzito wa trela tupu ulioandikwa kwenye matangazo mara nyingi ni wa trela bila nyongeza. Kabati, taa, winchi, sakafu ya alumini, mlango wa ubavuni: kila kimoja kinaongeza. Kwenye vituo vikubwa vya malori kuna mizani ambayo kwa dola chache inakupa karatasi ya uzito. Omba muuzaji aipime trela uliyoichagua, ao mkubaliane kwa maandishi kwamba uzito wake hautapita kiasi fulani. Muuzaji mwenye haki hatakasirika.

Bei nayo inaomba subira. Mwaka 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa alumini inayotoka nje, kwanza hadi asilimia 25, kisha katika mwezi wa sita hadi asilimia 50. Omba bei kwa wauzaji watatu, na uombe iwe bei ya mwisho, pamoja na usafiri na karatasi. Kwa trela mpya, utapewa cheti cha asili cha kiwanda, ambacho ndicho kitakupa hati ya umiliki. Namba iliyo juu ya cheti iwe sawasawa na namba iliyo kwenye trela, herufi kwa herufi. Soma pia tarehe ya mipira ya magurudumu: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT zinaonyesha juma na mwaka. 1823 ni juma la 18 la mwaka 2023. Trela mpya isije na mipira iliyozeeka kiwanjani. Na usitume feza kwa trela uliyoiona kwenye picha tu, hata bei ikiwa tamu namna gani.

Usiku wa kabla ya kutia sahihi, kaa mezani na wale ambao feza yao imo ndani. Andika kwenye karatasi moja: gari zito kuliko yote utakalobeba, uzito wa trela tupu, GVWR, uzito wa shingo, bei ya bima kwa mwezi, na idadi ya safari zinazohitajika ili deni lilipwe. Kama mmoja wa hao mezani hajaelewa namba fulani, basi wewe pia hujaielewa vya kutosha kuilipia. Kesho yake nenda kiwanjani na karatasi hiyo, na sumaku mfukoni.